Kuba Juu ya Ngazi za Ofisi: Kisa cha Stesheni ya Victoria, Bombay

Ukiitazama kwa mbele stesheni kuu ya Mumbai, mji ulioitwa Bombay zamani, jicho hupanda lenyewe hadi kwenye kuba. Ni kuba la mawe lenye pande nane, mbavu zake zikionekana waziwazi, na juu yake kuna sanamu ya mwanamke aliyeinua mwenge kwa mkono wa kulia na kushika gurudumu kwa mkono wa kushoto. Sanamu hiyo inaitwa Maendeleo. Mgeni atadhani chini ya kuba hilo ndiko abiria wanakokata tiketi au kusubiri treni. Sivyo. Chini yake kuna ngazi kuu ya kupandia ofisi za reli. Abiria walitengewa ukumbi wao pembeni, katika mrengo wa kaskazini.

Mpangilio huo wa vyumba unaeleza mambo mengi kuliko matao yote ya jengo hili. Kisa cha stesheni hii husimuliwa mara nyingi kwa mkato: Waingereza walichukua mtindo wa majengo ya London, wakaupeleka Bombay, wakauongezea tausi na nyani wa kuchonga, kazi ikaisha. Simulizi hiyo inaacha swali moja ambalo msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuliuliza kabla ya mtu mwingine yeyote. Waingereza haohao, si miaka mingi baadaye, walijenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Taratibu zake, mafundi wake na hata upana wa njia yake vilitoka India. Lakini stesheni zake za mwanzo zilikuwa za mbao na mabati. Kama ni mtindo wa Kiingereza tu uliokuwa unasafiri, mbona Bombay ilipata kasri na Nairobi ikapata banda?

Ninachokitetea hapa ni kwamba umbo la stesheni za ng'ambo liliamuliwa na mambo mawili: nani analipa, na nani anakusudiwa kuvutiwa. Ustadi wa msanifu ulikuja baada ya hayo mawili kuamuliwa, na katika kisa cha Bombay ustadi huo ulikuwa mkubwa kwelikweli.

Kabla ya kasri

Treni ya kwanza ya abiria nchini India iliondoka Bori Bunder, Bombay, mahali ambapo baadaye kasri hili lilijengwa, tarehe 16 Aprili 1853, ikaenda Thane, safari ya kilomita 34. Ilikuwa na mabehewa 14 na wageni wapatao 400, ikivutwa na injini tatu zilizopewa majina Sahib, Sindh na Sultan. Jengo lililokuwapo Bori Bunder wakati huo halikuwa la kujivunia. Lilikuwa la kazi tu.

Mwenye reli alikuwa kampuni iliyoitwa Great Indian Peninsula Railway, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge la Uingereza mwaka 1849, bodi yake ikikaa London. Hapa ndipo fedha zinapoingia. Wanahisa wake walihakikishiwa faida ya asilimia 5 kwa mwaka. Reli ikipata, vyema. Isipopata, pengo lingezibwa na mapato ya India, yaani kodi za wakulima na wafanyabiashara wa India. William Massey, aliyewahi kushika mambo ya fedha katika serikali ya India, aliiambia kamati ya Bunge mwanzoni mwa miaka ya 1870 kwamba mtaji wote ulitoka kwa matajiri wa Uingereza, na maadamu tajiri huyo amehakikishiwa asilimia 5 kutoka mapato ya India, kwake ilikuwa mamoja fedha zake zitupwe mto Hooghly au zigeuzwe matofali na chokaa. Maneno hayo yanafaa kukumbukwa kila mtu anaposimama kushangaa uzuri wa stesheni ya Bombay. Uzuri upo. Bili nayo ilikuwapo, na kwa utaratibu ule mwekezaji alikuwa amejikinga nayo.

Lakini dhamana ya fedha peke yake haitoi kasri. Reli nyingine za India zilikuwa na dhamana hiyohiyo na zikajenga kitu tofauti kabisa. Itazame stesheni ya Lahore. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1859, miaka miwili tu baada ya maasi makubwa ya 1857 yaliyokaribia kuung'oa utawala wa Waingereza kaskazini mwa India. William Brunton aliyeisanifu aliifanya ngome: minara minene pembeni, matundu ya kulengea bunduki, na milango mizito ya kufungia ncha za banda la treni ili jengo zima liweze kugeuka mahali pa kujihami. Mtindo wake nao ni wa Kiingereza, umetokana na ngome za enzi za kati za Ulaya. Nani alikusudiwa kuuona? Mtu aliyedhaniwa kuwa huenda akaja na bunduki.

Bombay ya miaka ya 1860 ilikuwa na hali nyingine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikatiza pamba iliyokuwa ikienda viwanda vya Uingereza, na pamba ya India ikapanda bei kupita kiasi. Fedha zilimiminika mjini. Gavana wakati huo alikuwa Sir Bartle Frere, jina ambalo watu wa Mombasa wanalijua bila kufundishwa: ndiye aliyekuja Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultan Barghash juu ya biashara ya watumwa, na makazi ya watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa yakaitwa Frere Town kwa jina lake. Baadhi ya watu waliokuja kukaa pale walikuwa wamelelewa na kufundishwa kazi huko India, wakijulikana kama Waafrika wa Bombay. Frere huyo ndiye aliyebomoa kuta za ngome kongwe ya Bombay na kufungua ardhi ya kujengea mji mpya.

Bei ya pamba ilianguka mwaka 1865 na wengi wakafilisika, lakini mpango wa majengo ulisonga mbele. Yakasimama moja baada ya jingine: ofisi kuu ya serikali ya Henry St Clair Wilkins mwaka 1874, Mahakama Kuu ya James Fuller mwaka 1878, maktaba ya chuo kikuu na mnara wake mwaka huohuo. Maktaba na mnara vilichorwa na George Gilbert Scott akiwa London. Hakuwahi kukanyaga India. Yote yalifuata mtindo wa Kigothi, matao yaliyochongoka, mawe ya rangi mbalimbali, ladha ya Venice ndani yake. Kwa hiyo kampuni ya reli ilipoamua kujenga, mji ulikuwa tayari una lugha yake ya majengo, na kampuni isingeweza kujitokeza ikiwa imevaa ovyo.

Msanifu aliyeishi palepale

Frederick William Stevens alizaliwa Bath mwaka 1847, akaenda India mwaka 1867 kufanya kazi Idara ya Ujenzi ya serikali. Muongo mmoja baadaye kampuni ya reli iliomba kumwazima. Alisafiri Ulaya kwa miezi kumi kuzitazama stesheni za huko, akarudi kuchora. Ujenzi ulianza mwaka 1878 na ukachukua miaka kumi. Stesheni ilipewa jina la Victoria siku ya jubilei ya dhahabu ya malkia, Juni 1887, ingawa kazi yenyewe ilimalizika mwaka 1888. Gharama inayotajwa ni rupia 1,614,000.

Naona tofauti kati ya Stevens na Scott ni muhimu kuliko inavyopewa uzito. Scott alituma michoro. Stevens aliishi Bombay, akapigwa na jua lake na mvua zake. Pepo za kusi, zilezile zilizokuwa zikijaza matanga ya majahazi yaliyotoka pwani yetu kwenda Gujarat na Bombay, ndizo zinazoshusha mvua kubwa kule kuanzia Juni. Jengo linaonyesha kwamba aliyelichora alijua hivyo. Mbele na pembeni lina baraza ndefu zenye matao, ghorofa juu ya ghorofa, zinazozuia jua lisigonge madirisha ya ofisi na mvua isiingie vyumbani, huku upepo ukipita. Dari ni za juu. Umbo lake kwa chini ni kama pande tatu za mraba zinazozunguka ua uliofunguka upande wa barabara, hivyo vyumba vingi vinapata hewa pande zote mbili.

Hakufanya kazi peke yake pia. Alikuwa na wasaidizi wawili wa Kihindi, mhandisi Sitaram Khanderao na msimamizi M. M. Janardhan. Majina hayo hutajwa kwa sentensi moja kisha yakapitwa, na inaudhi, kwa kuwa kuba kama lile halijengwi na mchoraji. Mawe yake yalichongwa yakashikana kwa meno, mbavu na mbavu. Mtu wa kusimamia kazi hiyo jiwe kwa jiwe alihitaji kuwa pale kila siku.

Kabla jengo halijasimama, lilikuwa maarufu kwenye karatasi. Axel Haig, mchoraji mzaliwa wa Sweden aliyekuwa akiwachorea wasanifu wa London, alipaka kwa rangi za maji picha kubwa ya stesheni hiyo, na mwaka 1880 ikaonyeshwa Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London. Zingatia mwaka: ni miaka minane kabla ya kazi kumalizika. Jengo la Bombay lilikuwa tayari linawavutia watu waliokuwa umbali wa mwezi mmoja wa bahari, na miongoni mwao walikuwamo wenye hisa.

Je, ni nakala ya stesheni ya St Pancras, London?

Ndivyo inavyosemwa mara kwa mara, na ukiweka picha mbili pamoja utaona kwa nini. Zote mbili ni za Kigothi chenye asili ya Italia, zote zina minara, matao yaliyochongoka na mawe ya rangi tofauti. Tuzitazame kwa utulivu.

St Pancras ni vitu viwili vilivyosimama pamoja. Nyuma kuna banda la chuma na kioo la mhandisi William Barlow, lililofunguliwa mwaka 1868, paa moja lenye upana wa mita 73 hivi bila nguzo katikati. Wakati huo hakukuwa na paa pana kama hilo duniani. Mbele kuna hoteli ya Scott, ya matofali mekundu, iliyoanza kupokea wageni mwaka 1873. Mhandisi alijenga banda, msanifu akajenga hoteli, na mmoja hakumwingilia mwenzake. Ustadi wa kihandisi ulikuwa mkubwa kiasi cha kutisha, lakini ulifichwa nyuma ya jengo linaloonekana kama la zamani za kale. Huo ndio mgawanyo wa kazi ambao Waingereza walikuwa wameuzoea kwenye stesheni zao kubwa: chuma nyuma, jiwe au tofali mbele.

Mgawanyo huo ndio uliosafiri hadi Bombay, kuliko matao. Kule nako sehemu ya treni ilikuwa banda lenye paa la chuma, na heshima yote ikawekwa kwenye jengo la mbele. Lakini mahali pa hoteli pakawekwa makao makuu ya kampuni. Badiliko hilo linaonekana dogo, kumbe linageuza kila kitu. Hoteli humhitaji msafiri, humwita, humpa chumba. Makao makuu hayamhitaji. Yanahitaji kuonekana.

Hapo ndipo ninapoona Stevens aliachana na London kwa makusudi. Uso wa St Pancras haulingani pande mbili. Mnara mmoja upo mwisho huu, mwingine tofauti mwisho ule. Stesheni ya Bombay inalingana kulia na kushoto, na katikati kuna kuba. Wajenzi wa Kigothi wa Uingereza hawakuwa watu wa kuba, walipenda minara iliyochongoka. Kuba katikati ya jengo lenye pande zinazolingana ni alama ya bunge au ikulu. India yenyewe ilikuwa imeshazoea makuba makubwa kwenye makaburi ya wafalme na misikiti, kwa hiyo mtu wa Bombay hakuhitaji kuelezwa kwamba kuba maana yake ni ukubwa wa aliye chini yake. Na aliye chini yake, kama nilivyosema, ni karani mkuu akipanda ngazi kwenda kazini.

Linganisha na mahali pengine ambako makampuni ya Kiingereza yalijenga. Stesheni ya Luz huko São Paulo, iliyofunguliwa mwaka 1901, ilijengwa kwa vifaa vilivyopakiwa Uingereza na kuvushwa Atlantiki. Stesheni ya Retiro, Buenos Aires, iliyofunguliwa mwaka 1915, ina mabanda ambayo chuma chake kilitengenezwa Liverpool. Kule jengo lilikuja kwa meli, likiwa na asili yake wazi. Bombay haikuwa hivyo, kwani sehemu kubwa ya jengo ilichimbwa nchini India, na kuchongwa huko pia.

Mikono iliyochonga

Mawe ya ukuta ni mawe ya mchanga na ya chokaa ya India. Marumaru za mapambo zilitoka Italia, na zikapangwa pamoja na jiwe la buluu la India lililosuguliwa likang'aa. Vigae vya ukutani katika ukumbi wa tiketi vilitengenezwa na Maw and Company ya Shropshire. Sanamu kubwa, yaani Maendeleo na wenzake wanaowakilisha Kilimo, Biashara, Uhandisi na Sayansi, ni kazi ya Thomas Earp wa London, mchongaji yuleyule aliyechonga mnara wa kumbukumbu uliopo mbele ya stesheni ya Charing Cross mwaka 1865.

Vitu vya karibu na macho, hata hivyo, vilitengenezwa na wanafunzi. Shule ya Sanaa ya Bombay ilianza mwaka 1857 kwa fedha alizotoa Sir Jamsetjee Jejeebhoy, tajiri wa Kiparsi wa mji huo, na wakati stesheni inajengwa ilikuwa chini ya John Griffiths. Wanafunzi wake walifanya uchongaji wa mawe, nakshi za mbao, vyuma vya kushikia kwenye ngazi kuu, na nyavu za chuma na shaba za madirisha ya tiketi.

Fikiria dirisha hilo la tiketi. Mwaka 1890 mtu wa kijijini ambaye hajawahi kupanda treni amefika na fedha zake amezifunga kwenye kona ya nguo. Mbele yake si tundu ukutani, ni wavu uliopindwa na kijana wa mji uleule kwa mifano aliyofundishwa na mwalimu wa Kiingereza. Juu ya kichwa chake, dari la ukumbi lilipakwa buluu iliyokolea na kutiwa nyota za dhahabu, ndiyo maana ukumbi ule ukaitwa Chumba cha Nyota. Mataoni kuna majani na nyuso za ajabu, na kwingineko jengoni kuna tausi aliyetandaza mkia wake na nyani waliochongwa kana kwamba wanapanda jengo. Wasanifu wa Kigothi wa Uingereza walishikilia kwamba mchongaji aachiwe achonge majani na wanyama wa kwao, asinakili tu vitabu. Kule Uingereza hilo lilizaa majani ya mwaloni. Bombay likazaa tausi. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya jengo zima, na ndiyo sehemu ambayo mtindo uliotoka nje uliwapa wenyeji nafasi wakaitumia kikamilifu.

Nafasi hiyo ilikuwa na mipaka. Nguzo za lango zina simba upande mmoja na chui milia upande wa pili, simba akiwa Uingereza na chui milia akiwa India. Wamekaa kwa usawa, jambo ambalo halikuwapo katika bodi ya kampuni. Kwenye kuta kuna nyuso za wakuu wa kampuni na magavana zilizochongwa ndani ya duara, na kati yao wamo Jejeebhoy na Jagannath Shankarseth, wafanyabiashara wawili wa Bombay waliotia nguvu hoja ya kuleta reli tangu miaka ya 1840. Chini ya saa kubwa palikuwa na sanamu ya Malkia Victoria mwenyewe. Sanamu hiyo iliondolewa baada ya uhuru, stesheni ikapewa jina la Chhatrapati Shivaji, mfalme wa Wamaratha wa karne ya 17, mwaka 1996, na mwaka 2004 UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia. Simba na chui milia wangalipo.

Aliyelipa nauli

Kokote India, abiria wengi walikuwa wa daraja la tatu, na sehemu kubwa ya fedha za abiria ilitoka kwao. Jengo la Bombay halikuwapa hao kuba. Liliwapa nafasi ya kupita. Si kwamba Stevens alikuwa mtu mbaya. Kampuni ilimwagiza makao makuu yenye stesheni, naye akatoa hivyo.

Pengo kati ya jengo na safari lilikuja kuandikwa na mtu ambaye maneno yake yalisikika. Mwaka 1917 Gandhi alipanda treni ya barua kutoka Bombay kwenda Madras kwa daraja la tatu, kisha akaeleza hadharani alichokiona. Behewa lilikuwa na kibandiko cha abiria 22, na hao ni wa kukaa tu, si wa kulala. Sehemu kubwa ya njia walikuwa wakifika 35. Safari nzima behewa halikufagiwa hata mara moja. Fedha za kung'arisha ukumbi zilikuwapo. Za ufagio hazikuwapo. Anayechambua usanifu wa stesheni akaliacha behewa nje ya hesabu, amechambua nusu.

Mabati ya Mombasa

Sasa turudi kwetu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, tarehe 20 Desemba 1901. Zaidi ya watu 31,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 wakafia huku. Upana wa mita moja ulichaguliwa kwa kuwa ndio uliotumika kwenye reli nyingi za India, hivyo injini na mabehewa vingeweza kupatikana haraka. Stesheni zilikuwa vibanda vya mbao na mabati, vyenye paa lililotokeza mbele kumkinga abiria na karani.

Tofauti na Bombay iko kwenye bili. Reli ya Uganda haikuwa ya kampuni yenye dhamana. Ililipiwa na hazina ya Uingereza na kusimamiwa na kamati ya serikali kutoka London, na kila nyongeza ya fedha ilipelekwa Bungeni, ambako wabunge waliokuwa hawaitaki reli hiyo waliisema kwa maneno makali. Gharama ilifika takriban pauni milioni 5.5. Mbele ya wabunge wa namna hiyo, mhandisi gani angethubutu kuomba kuba? Na huku hapakuwa na mji wa wafanyabiashara wakubwa wa kushindana nao kwa majengo. Nairobi ilikuwa kambi ya reli. Hakukuwa na mtu ambaye serikali iliona inapaswa kumvutia kwa jiwe.

Hata hivyo banda la mabati nalo ni usanifu wa Kiingereza, tena halisi kuliko matao ya Venice. Bati lenye migongo lilibuniwa na Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London, aliyepata hataza yake mwaka 1829. Lilipoanza kupakwa zinki lisishike kutu, likawa bidhaa ya kupelekwa kila koloni: jepesi, linapangwa moja juu ya jingine ndani ya meli, na fundi wa kulipigilia hahitaji miaka kumi ya kuchonga. Watu wanaposema Afrika Mashariki haikupata ushawishi wa usanifu wa reli za Waingereza kwa kuwa haina stesheni kama ya Bombay, wanatafuta matao na kulipita bati. Miji yetu iliyoota kando ya reli, kutoka Voi hadi Kisumu, ilijifunza kutoka stesheni jinsi ya kuezeka. Matokeo yake tunaishi chini yake hadi leo, joto la mchana na kelele za mvua vikiwemo, kwa kuwa bati lilichaguliwa kwa sababu za meli na hazina, si kwa sababu ya hali ya hewa ya Kibwezi. Stevens aliruhusiwa kuijibu hali ya hewa ya Bombay kwa baraza za mawe. Waliojenga Kibwezi hawakupewa ruhusa hiyo.

Baada ya Stevens

Sifa ya stesheni ilimfungulia Stevens milango. Aliacha kazi ya serikali akafungua ofisi yake mwenyewe, akajenga makao ya halmashauri ya mji, ng'ambo ya barabara kutoka stesheni, yaliyokamilika mwaka 1893, kisha makao makuu ya kampuni shindani ya reli huko Churchgate mwaka 1899. Katika majengo hayo makuba yanazidi kufanana na ya India na Ugothi unazidi kurudi nyuma. Alikufa mwaka 1900.

Mwaka huohuo serikali ya India iliinunua kampuni ya Great Indian Peninsula kwa fedha za India, kama mkataba wa tangu zamani ulivyoruhusu. Kwa hiyo walipa kodi waliozibeba dhamana za asilimia 5 kwa nusu karne ndio walioinunua reli pamoja na kasri lake. Uendeshaji uliachwa mikononi mwa kampuni, bodi ikiendelea kukaa London, hadi serikali ilipouchukua Julai 1925. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 3 Februari, treni ya kwanza ya umeme nchini India ilitoka Victoria ikaenda Kurla, na miaka minne baadaye stesheni ikaongezwa majukwaa ya treni za masafa marefu. Leo yapo 18 kwa jumla.